Gari inakula mafuta? Pitia hatua hizi kabla hujakimbilia petroli ya bei kali

Wakuu, habari za mihangaiko. Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila wiki nakutana na mtu, mara nyingi kijana anayeendesha gari ya bosi na hesabu inamsubiri jioni, ananiambia gari inakula mafuta kwahiyo siku hizi anaweka petroli ile ya bei ya juu, au ananunua kale kachupa ka kuongeza oktani. Ukimuuliza inakula kiasi gani anakujibu "kaka nikiweka ya elfu ishirini haifiki jioni". Inaniuma kweli, maana na mimi nilipita njia hiyohiyo na IST yangu, ile ya injini ya 1NZ cc 1500, miezi minne mizima natupa hela kwenye petroli ya bei kali na shida ilikuwa sehemu nyingine kabisa ambayo nitaisema hapo chini. Ninayoandika yanahusu gari za petroli, hasa hizi zetu zilizotumika Japan, dizeli na haibridi zina mambo yake.

1. Pima kwa lita, usipime kwa hela

Elfu ishirini ya mwezi huu sio elfu ishirini ya mwezi ujao, EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi (wenzetu wa Kenya wanasubiri EPRA tarehe 14), kwahiyo bei ikipanda unaona kama gari imeanza kula kumbe lita zimepungua tu. Fanya hivi: nenda sheli, jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe halafu mwambie mhudumu aishie hapo, asianze kubinyabinya kutafuta namba nzima. Rudisha ile tripu ya kwenye dashibodi iwe sifuri. Tembea na mizunguko yako ya kila siku, kilomita 250 mpaka 300 hivi, halafu rudi sheli ileile na kama inawezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Chukua kilomita gawanya kwa lita zilizoingia mara hii ya pili. Mimi siku nilipoamua kupima nilitembea kilomita 258 zikaingia lita 30 kamili, yaani kilomita 8.6 kwa lita. Kwa IST kwenye foleni za Dar hiyo ni mbaya, iliyo nzima kwa uzoefu wangu inacheza kwenye 11 mpaka 13.

Rudia mara mbili au tatu, siku moja ya mvua na foleni ya Ubungo inaweza kukudanganya. Na usijilinganishe na namba za kwenye matangazo ya gari za Japan, zile zilipimwa maabara kwa mwendo wa kistaarabu hakuna kona ya Mwenge wala lori la Mandela.

2. Elewa oktani ni nini, maana hapa ndo watu wengi wanaliwa

Oktani SIO nguvu ya mafuta. Lita ya oktani 95 haina moto mkubwa kuliko lita ya oktani 91, nishati yake karibu ni ileile. Namba ile inaonyesha petroli inavumilia kiasi gani kubanwa na kupashwa joto bila kulipuka yenyewe kabla plagi haijapiga cheche. Ndani ya silinda pistoni inapanda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana inajiwakia yenyewe, ndo unasikia ule mlio wa kugonga kama kokoto kwenye kopo la bati, hasa ukikanyaga mafuta unapanda mlima na AC imewaka. Injini zinazobana sana na zile za tabo (turbo) zinahitaji oktani kubwa ili zisigonge. Injini ya kawaida iliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida ukiiwekea oktani kubwa haina pa kuipeleka, haipati chochote cha ziada. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria madereva wao walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 ndani ya mwaka mmoja kwa kuweka petroli ya bei ya juu kwenye gari ambazo hazikuihitaji. Sasa kama wao wanaliwa hivyo, sisi wa kuhesabu lita moja moja je?

Sasa ujue gari yako inataka nini. Fungua kile kifuniko cha tenki uangalie ndani, gari nyingi za Japan zina stika pale. Ukiona レギュラー hiyo ni petroli ya kawaida, ukiona プレミアム au ハイオク hiyo inataka oktani ya juu. Kama stika imebanduka tafuta kitabu cha gari kwa jina la modeli na namba ya injini, na kama ni Kijapani kitupu piga picha simu ikutafsirie. Kwa kipimo cha Japan petroli ya kawaida inaanzia oktani 89 na ya juu inaanzia 96. Vitz, Passo, IST, Raum, Spacio, hizi zote ni za kawaida, na petroli ya kawaida ya sheli inayoeleweka hapa kwetu ipo juu ya hiyo 89. Kwahiyo IST haikudai kitu kingine.

Ila kuna gari zinazodai kweli. Subaru za tabo kama Impreza WRX na Forester ya tabo, Altezza yenye injini ya 3S-GE, na Wajerumani wengi. Hizi ukiziwekea oktani ndogo sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kulinda injini, gari inakuwa nzito na unakanyaga zaidi kupata mwendo uleule, hapo ndo mafuta yanaliwa. Mwenye gari hizi nunua ya juu bila kujuta. Na ukitaka uhakika tumia hesabu, kama petroli ya juu imezidi bei kwa asilimia 5 basi lazima ikuongezee kilomita kwa asilimia 5 ndo mtoke sare. Pima tenki tatu za ile na tenki tatu za hii.

Tahadhari moja kwa wanaoangalia video za Wamarekani: 87 ya pampu zao sio 87 yetu. Wao wanatumia wastani wa vipimo viwili, sisi tunatumia kimoja kinaitwa RON, kwahiyo 87 yao ni kama 91 au 92 ya huku. Kuna jamaa alishtuka kabisa akidhani gari yake inalishwa mafuta makali kuliko inavyotakiwa.

Petroli zile zinazouzwa kwa jina maalum, Kenya kwa mfano wanaijua V-Power, zina dawa za kusafisha njia za mafuta, hilo ni jambo zuri kwa injekta. Ila kusafisha ni jambo moja na oktani ni jambo jingine, usiyachanganye ukadhani umelipia nguvu.

3. Hakikisha petroli yenyewe ni petroli

Uchakachuaji tunaujua wote. Mafuta ya taa oktani yake ni ndogo sana, yakichanganywa kwenye petroli oktani inashuka na gari inaanza kugonga hata iwe IST. Ndo maana EWURA wakaanzisha ile alama ya kemikali ya kuweka kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yajulikane, mwaka 2010, mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, na Kenya nao 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ili faida ya kuchanganya ife. Dalili yake ni kwamba mabadiliko yanatokea palepale baada ya kujaza: jana ilikuwa nzima, umejaza leo, asubuhi inasumbua kuwaka, inagonga, inakosa nguvu. Chukua risiti ya EFD kila unapojaza na uitunze, ukilalamika bila risiti huna pa kushikia. Na ukipata sheli nzuri kaa nayo.

4. Angalia kama thamostati bado ipo

Hapa nitakaa kidogo maana ndo ugonjwa uliokuwa unanimaliza mimi, na kwa ninavyoona gari nyingi za mjini zinao bila wenyewe kujua.

Thamostati ni kale kadude kadogo ka chuma chenye springi, kanakaa kwenye njia ya maji ya kupoza injini. Injini ikiwa ya baridi kanafunga maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto haraka, ikifika kama digrii 82 kanaanza kufungua. Sasa gari ikichemsha mara moja tu, fundi wa chapchap anachomoa thamostati anaitupa, anakwambia "hii ni ya nchi za baridi, huku joto haina kazi". Gari inaacha kuchemsha kweli, unamlipa unashukuru. Kumbe kilichochemsha kilikuwa rejeta iliyoziba au feni mbovu, na sasa injini yako haifiki joto lake la kazi, hasa asubuhi na ukiwa barabara kuu upepo unapiga. Kompyuta inasoma maji yana digrii 60, inadhani gari ndo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama inavyofanya kila asubuhi. Safari nzima. Juu ya hapo oili haipati joto la kutosha inabaki nzito, injini inasagika mapema.

Kupima ni rahisi. Asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha, fungua boneti, washa, subiri dakika mbili tatu halafu shika hosi ya chini ya rejeta (mikono mbali na feni, na usifungue mfuniko wa rejeta kukiwa na joto hata siku moja). Kama thamostati ipo na ni nzima hosi ile inabaki ya baridi mpaka injini ifike joto lake ndo inapata moto. Kama imetolewa maji yanazunguka tangu mwanzo, hosi za juu na chini zinapanda taratibu pamoja. Gari ndogo nyingi za Toyota pia zina taa ndogo ya bluu kwenye dashibodi inayomaanisha injini bado baridi, ya kwangu ilikuwa inatoka nayo Tegeta asubuhi inakuja kuzima Makongo huko, na mi niliiona kila siku nikaizoea kama pambo.

Fundi niliyempelekea alifungua pale kwenye mdomo wa hosi akanionyesha na tochi, patupu, kuna gasketi imepakwa silikoni nyekundu tu. Nikaweka thamostati mpya, nikasafisha rejeta, nikajaza kulanti badala ya maji ya bomba. Kipimo kilichofuata 10.9. Sikugusa kitu kingine wiki hiyo makusudi, ili nijue kilichosaidia ni nini, na wewe fanya hivyohivyo, ukibadilisha vitu vitano siku moja hutajua hela ipi imefanya kazi.

5. Taa ya injini ikiwaka usiizoee

Watu wanabandika hadi selotepu. Ile taa inaweza kuwa sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, ambayo kazi yake ni kuiambia kompyuta kama petroli inayoingia imezidi au imepungua. Ikifa kompyuta inakisia, na ikikisia inapendelea kuzidisha. Idara ya nishati ya Marekani inasema kurekebisha tatizo kubwa kama la sensa hii kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta hadi asilimia 40, hakuna kachupa ka oktani ka kufanya hivyo. Nenda ukapimwe na mashine, au nunua kile kifaa kidogo cha bluututhi kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, ingawa gari nyingine za zamani za Japan hazisomeki nacho. Namba ya hitilafu P0172 inamaanisha petroli imezidi, P0171 imepungua, P0128 ni ile habari ya thamostati. Na ukiambiwa sensa imekufa usikubali kubadilisha kabla fundi hajakagua waya na soketi yake, na kama ekzosi haivuji hewa karibu yake.

Kuna na sensa ya hewa kwenye bomba linalotoka kwenye kisanduku cha eya klina. Vumbi na oili vikiikaa inasoma vibaya. Inasafishwa kwa dawa yake maalum ya kupuliza, iache ikauke, usiguse ule waya mwembamba kwa kitambaa wala kidole, unakatika kama unywele.

Eya klina yenyewe nitakuwa mkweli: wengi tunaambiwa ikichafuka gari inakula sana. Maabara ya Oak Ridge kule Marekani walipima mwaka 2009 wakakuta kwenye gari za injekta filta iliyoziba inapunguza nguvu ya kuchanganya mwendo lakini ulaji wa mafuta haubadiliki kwa maana, kompyuta inapunguza petroli kufuata hewa. Gari za kabureta ndo zinaumia. Badilisha kwa ajili ya nguvu na afya ya injini, tena barabara zetu za vumbi haziruhusu kusubiri, ila usitegemee muujiza kwenye lita.

6. Plagi na oili

Plagi za kawaida zinachoka kwenye kilomita elfu 20 hivi, iridiamu inafika elfu 100 ikiwa orijino, na hapo kwenye "ikiwa orijino" ndo penye shida, Kariakoo na Gerezani zimejaa zinazofanana kwa boksi. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia. Chomoa plagi zote nne uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda, uziangalie rangi. Kahawia iliyofifia au kijivu ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu, petroli inazidi. Nyeusi yenye utelezi, oili inapanda. Moja ikiwa tofauti na wenzake shida iko silinda hiyo, koili au injekta. Gari inayomisi inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi, unalipia mafuta yasiyowaka.

Oili: kitabu cha 1NZ kinataka 5W-30, nenda gereji yoyote uone utakachowekewa, 20W-50 kwa maelezo kwamba gari imechoka. Oili nzito inafanya injini ihangaike kuzunguka yenyewe. Kurudi kwenye oili ya kitabu kunaokoa kama asilimia 1 au 2, sio nyingi ila ni ya kila lita unayonunua, tena injini inashukuru asubuhi. Kama injini kweli inakunywa oili basi hiyo ni kesi ya ringi na sili, itibu hiyo.

7. Gari ibingirike kirahisi

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika ya upepo wa tairi, mara nyingi kwa kPa. 220 ni kama PSI 32, 230 ni kama 33. Pima tairi zikiwa za baridi. Upepo ukipungua PSI 10 kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 2 ya mafuta na tairi linaliwa pembeni, hasara ya tairi ni kubwa kuliko ya petroli.

Breki zinazoshika ndo mwizi mkubwa hapa. Ukimaliza safari ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ukikuta moja inatoa joto kali kuliko ya upande wa pili, breki ya hapo imeganda. Kwangu ilikuwa ya nyuma kushoto, waya wa handibreki haurudi wote. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, lizunguke bila kukwaruza. Baada ya hapo alaimenti.

Na toa mizigo ya buti, kila kilo 45 ni kama asilimia 1, mi nilikuta ndoo ya rangi na betri mbili mbovu.

8. Mguu wako

Kukanyaga kwa pupa na kufunga breki mjini kunaweza kula asilimia 10 mpaka 40 zaidi. Ukiona taa nyekundu mbele achia mapema, usikimbilie kwenda kusimama. Barabara kuu ukipita 80 ulaji unapanda haraka. Kusimama injini inaunguruma na AC unamsubiri abiria ni lita moja kwa saa au zaidi, zima ukiwa salama.

Halafu hii ya kuweka N mteremkoni naomba sana muiache. Gari ya injekta ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta inateremka, kompyuta inakata petroli kabisa, ulaji ni sifuri. Ukiweka N inabidi injini ichome petroli ili isizime. Yaani unatumia zaidi, na pale mteremko wa Kitonga umebaki na breki peke yake, zikipata moto hamna cha kukusimamisha.

Na kuamka alfajiri kujaza eti petroli ni ya baridi, matenki ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki hivyo. Lala.

9. Pima tena

Kila ukirekebisha kitu kimoja rudi hatua ya kwanza, andika tarehe, kilomita, lita, na ulichofanya. Daftari langu: 8.6 mwanzo, 10.9 baada ya thamostati, 11.4 baada ya plagi na oili, kisha breki na upepo. Ukifanya yote na bado iko chini omba fundi apime kompresheni (mbano wa silinda), hapo ni injini yenyewe.

Jumapili iliyopita nimejaza tena sheli ileile, petroli ya kawaida. Kilomita 412, zimeingia lita 33.6. Hiyo ni 12.3 kwa lita, na kwa mizunguko yangu ya kilomita 1500 kwa mwezi ni lita 52 ambazo sinunui tena.